Helmeti Niliyoichagua Mimi

Jumatatu, 3 Machi
Kocha kanichagua mimi! Kesho naenda duka la michezo kununua helmeti mpya ya kriketi ya klabu. Ya zamani imepasuka kisogoni. Wenzangu wamenuna – shauri yao. Kocha kasema nikumbuke itatumika pande mbili: Jumapili sisi wakubwa wa klabu, Jumamosi timu ya wasichana wa shule. Wapigaji huingia wawili wawili, na shule inayo helmeti moja tu. Nikamwambia aondoe shaka, kwa vichwa mimi ni daktari. Akasema daktari aliyeishia kidato cha pili! Watu wakacheka. Na mimi, kidogo.

Jumanne, 4 Machi
Nimenunua. Nyeusi tii, inang'aa, ukiivaa hata adui anaomba picha. Nilijaribu saba. Hii hata nitikise kichwa vipi haichezi. Nyuma ina skrubu ya kukaza, kichwa kidogo kikubwa vyote vinaenea.
Mama muuzaji akauliza, ya mpira mkubwa wa klabu au mdogo wa shule? Swali gani hilo! Nikasema mkubwa, ule mzito. Akaniambia nisome karatasi ya kwenye boksi. Maandishi ya sisimizi. Nani ana muda? Lango linalozuia ng'ombe litashindwa na mbuzi?

Jumatano, 5 Machi
Mdogo wangu wa kike kaijaribu. Ndiye mpigaji wa kwanza wa timu ya shule, na Jumamosi ni fainali. Kakaa nayo mezani mpaka mama akamwambia aivue ale. Kasema, kaka, leo umefanya la maana. Leo tu! Lakini nimefurahi, bwana.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa.
Tuko uani na mdogo wangu, helmeti iko kwenye kiti, nachezea mpira wake mdogo wa shule. Nikaukandamiza kwenye uwazi kati ya ukingo wa mbele na vyuma vya usoni. Utani tu. Ukapita! Ukatua pale pua inapokaa. Nikachukua mpira wangu mkubwa – ukakwama. Ule mdogo – ukapita tena. Na vyuma havisogei.
Nikasoma karatasi kwa kidole, neno kwa neno. Imepimwa kwa mpira wa wakubwa tu. Mwenye kucheza mpira mdogo asiivae.
Nikamweleza mdogo wangu hesabu yangu ya lango na ng'ombe. Akaniangalia.
"Mbuzi anapita, kaka."
Duka limeshafungwa, na Jumamosi halifunguliwi. Akaniomba nisimwambie Kocha: bila helmeti, Kocha hamruhusu mtu kupiga, naye fainali hii kaingoja mwaka mzima. Nikasema sawa. Mimi huyu, nikasema sawa.

Jumamosi, 8 Machi
Naandika uwanjani, kwenye nyasi za upande wa wapinzani.
Asubuhi nilimzomea mrushaji wao. Nilimwita feni bovu, kelele nyingi upepo hakuna. Kisha akaanza kupasha mwili moto. Lo! Mpira wake unadunda na kupanda mpaka kidevuni. Mdogo wangu keshavaa pedi za miguuni, anakaza kamba.
Nikaenda kwa Kocha. Nikasema yote, timu nzima inasikia. Akauliza nani aliichagua. Mimi. Hakucheka mtu. Mdogo wangu kasema hanijui.
Helmeti ya kumwenea hapa uwanjani imebaki moja, iliyopimwa kwa mpira mdogo. Ya nani? Ya feni bovu! Yake mwenyewe, katoka nayo kwao.
Nimemwendea. Akaniuliza tangu lini feni bovu likawa na helmeti. Wenzake hoi kwa kicheko. Nikaomba radhi. Akasema hakusikia. Nikarudia. Akaniambia nikae chini ningoje, anafikiria. Ndiyo naandika.
Anamenya chungwa polepole, makusudi, helmeti iko mapajani. Mwamuzi katazama saa mara mbili. Kule ng'ambo mdogo wangu kasimama na pedi zake, hanijui lakini ananitazama.
Ameniita. Anasema atanipa, ila kwanza nisimame, niseme tena – safari hii uwanja mzima usikie, na lile jina la feni bovu nilitaje. Sauti ninayo. Nasimama –