Asali ya Kumpa Mwenyeji

Jumapili, 3 Novemba 2024

Baada ya ibada, kikao. Kanisa letu la Wakenya hapa Carrollton litafanya Siku ya Upatanisho na wenyeji wa asili wa Texas. Mwenyekiti ni Kipchoge. Atasoma maneno ya kukiri kwamba tunaishi kwenye ardhi ya watu. Mama mmoja wa kabila la Caddo atakuja kuyapokea.

Nami Kipchoge amenipa kazi. "Jepchirchir, nyinyi Ogiek ni watu wa asali. Leta ile original ya msituni tum-gift mgeni."

Msituni kwetu, Mau, sasa kuna majani chai ya baba yake Kipchoge. Babu yangu alifukuzwa, mizinga ikachomwa, babake Kipchoge akapewa shamba. Kipchoge anajua. Kila Krismasi tunakula pamoja na hajawahi kulitaja. Nataka alitaje, mara moja tu.

Nilisema sawa, nitaleta.

Jumatano, 13 Novemba

Nimempigia mjomba. Asali? Akacheka mpaka akakohoa. Siku hizi anauza mitumba Njoro.

Nimetoka shifti, nikapitia dukani. Asali ya Texas. Nimeimimina kwenye kibuyu. Kibuyu angalau ni cha kwetu.

Jumamosi, 16 Novemba

Naandika nikiwa garini, nje ya ukumbi.

Kipchoge alisoma vizuri. Alipofika kwa "waliofukuzwa ili wengine wapate", akayarudia mara mbili. Makofi. Kisha akanyanyua kibuyu: asali ya kwetu, straight kutoka Mau!

Yule mama akaonja. Akaonja tena. Akasema kwa upole kwamba hii ni ya maua ya mesquite, mti wa huku Texas; kaka yake hufuga nyuki. Ukumbi ukacheka. Kipchoge naye akacheka, akanisogezea maikrofoni.

"Sasa Jepchi, ya kwenu iko wapi?"

"Muulize babako."

Haikuwa kwenye ratiba. Mama akauliza nimesema nini. Hakuna aliyemtafsiria. Nikatoka. Nina hasira, na koti nimelisahau ndani.

Kipchoge anakuja — na koti langu. Amesimama kando ya mlango wa gari, hagongi. Simu sikioni. Kwao Kenya ni saa sita usiku.

Anaongea Kikalenjin, polepole. Baba, samahani kukuamsha. Hapana, hakuna aliyekufa. Nataka kukuuliza kuhusu lile shamba.

Nimeshusha kioo kidogo.