Boriti ya Mbele ya Mimbari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepunguza kuuma na dada anakutunza vizuri huko kwake. Macho hayakusaidii tena, kwa hiyo najua ndiye anayekusomea. Huku mama hajambo, ila chakula anakigusagusa tu.

Jumatatu tulimaliza kubomoa kilichobaki cha kanisa. Msingi wako ulitutoa jasho; tulivunja mipini mitatu ya nyundo, kinyozi aliyekuja kutusaidia akauliza kama ulikuwa unajenga kanisa au gereza. Lile jiwe la juu ya mlango, lenye jina lako na mwaka, wazee wa kanisa waliamuru lifutwe maandishi. Kazi walinipa mimi. Nilitumia tindo yako.

Mchungaji anaandika historia ya kanisa. Alinisomea ukurasa wako: kwamba ukuta wa kaskazini uliiangukia kwaya mazoezini na kumuua mwalimu wao kwa sababu fundi alibania chokaa. Nilipomuuliza kayatoa wapi, alisema wewe mwenyewe uliwaambia wazee, kabla hujahama, kwamba huenda ulikosea kipimo. Niliaga nikaondoka kama mwizi.

Baba, hukukosea. Miezi miwili kabla ya siku ile, kwaya walilalamika kwamba boriti nene iliyokatiza kutoka ukuta hadi ukuta inawaficha mhubiri. Uliwahi kuniambia kwamba ndiyo inayozishika kuta zisisukumwe nje na uzito wa paa. Nilikumbuka vizuri. Lakini nilitaka sifa, nikawaambia ni pambo tu, nikaikata. Waliniamini kwa kuwa mimi ni mwanao. Walinishangilia, na mwalimu wa kwaya alinishika mkono kwa furaha. Wewe Jumapili zilizofuata uliketi mahali pako pa siku zote, na macho yalikuwa yameshakuacha. Hukuona kwamba boriti haipo, nami sikukuambia. Tangu tumzike yule mwalimu, mama wa watu, silali.

Jumapili, mahubiri ya chini ya mwembe yakiisha, nitasimama niwaambie wote, mumewe akiwepo. Watakalonifanya na wanifanye. Nimeogopa sana, baba, lakini nimeona aibu zaidi.

Wajukuu wanakuamkia, mama anakuombea, na majirani waliobaki na utu wanakuulizia.

Dada, najua umenyamaza. Usiruke mstari hata mmoja. Rudi pale niliposema hakukosea, umsomee tena, kwa sauti.

Ni mimi mwanao,
seremala