Nafasi Nyeupe Kitabuni Haridwar

Mume wangu Kishor,

Leo nimepita tena mbele ya duka lako pale Galerie d'Ixelles, hapa Brussels. Wamelifanya saluni. Mahali ulipokuwa ukipanga mifuko ya unga wa muhogo na manjano, kuna msichana alikuwa anaoshwa nywele. Nilisimama kidogo, wakadhani nataka kusukwa, nikaondoka.

Unakumbuka Haridwar, kule India? Tulimpeleka mama yako, majivu yake yakiwa ndani ya chungu kilichofungwa kitambaa chekundu. Mimi ndiye niliyekipakata safari nzima. Mto Ganga nilidhani ungekuwa mzito na wa uvuguvugu kama Lualaba, mto wa kwetu Kongo. Kumbe maji yake ni baridi ya kukata mifupa, na yanakimbia hadi wameweka minyororo kwenye ngazi ili wanaooga wasichukuliwe. Wewe ulishika mnyororo, mimi nikashika shati lako. Ukamwaga majivu, ukalia bila kujificha. Kesho yake tulipanda hadi Rishikesh, nyani akaninyang'anya biskuti darajani, nawe ukacheka mpaka ukakaa chini. Sikukuona tena ukicheka hivyo.

Lakini siku ninayoishi nayo ni ile ya kuhani wa ukoo wenu. Alifungua kitabu kirefu chenye harufu ya vumbi, akatafuta kijiji chenu, na hapo palikuwa na mwandiko wa baba yako, aliyetoka Lubumbashi kumleta babu yako. Kila anayemleta marehemu wake mtoni huandika. Ukaandika habari za mama yako, kisha jina lako, na chini yake jina langu. Kuhani akauliza kitu, ukamjibu kwa ukali.

"Anasema nini?"

"Anauliza kama weye ni wa dini yetu. Nimemwambia weye ni bibi yangu, basi, c'est tout."

Halafu ukaweka kidole kwenye nafasi nyeupe kando ya jina lako.

"Atuna mutoto, Béa. Siku yangu ikifika, njo weye utanileta. Utaandika apa."

Nikasema ndiyo. Nilisema mara mbili.

Ulipokufa, sebule yetu ilijaa kabla sijapata hata pa kukaa. Wamama wa kanisa langu walikuja na masufuria na nyimbo. Nilipotaja moto, uwe majivu kama mama yako, maman Odette, yule uliyekuwa ukimwekea samaki wakavu kila Jumamosi, alinishika mabega.

"Kuchoma muntu? Non, maman Béa. Sisi atuchomake bantu. Siku ya ufufuo atasimama na nini?"

Nilikuwa nimechoka. Tena niliogopa, nikuambie ukweli: niliogopa siku hiyo nitakutafuta nisikuone. Nikasaini karatasi ya maziko. Wakakuzika vizuri, na kwaya, na maua, na chakula kikatosha. Walifanya kwa upendo, hata kuwakasirikia siwezi. Ninachokichukia ni mkono wangu huu.

Juzi binamu yako alipiga simu kutoka Lubumbashi. Aliuliza nitakupeleka lini, ili atangulie kumjulisha kuhani. Nikamweleza. Nikamuuliza kama naweza kupeleka udongo wa kaburini, hata kiganja kimoja.

"Belle-sœur, shemeji… udongo? Mto inangojaka majivu."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nilifika hadi mlango wa ofisi ya makaburi nikaulize kama unaweza kutolewa. Mwanamke wa pale akanisalimu, "Bonjour, madame," akanisubiri niseme. Ningesema nini? Kwamba nilimfukia mume wangu kwa makosa? Nikasema nimekosea mlango. Kukusumbua mara ya pili sina uthubutu, na kukuacha hapo sina amani. Nasali, Kishor. Sijui tena namwomba nani, wala nikuombee nini.

Kila Jumapili baada ya ibada nakuja. Mvua ya Brussels inakunyeshea na hayo ndiyo maji pekee niliyokupa. Kule Haridwar, kando ya jina lako, nafasi bado ni nyeupe. Kitabuni uko hai, unanisubiri nikulete.

Nisamehe, kama huko uliko kuna kusamehe.

Mke wako, niliyesema ndiyo