Aikande na Begonia Yako

Mama,

Shikamoo. Mwaka umepita bila kukuamkia na ulimi wangu bado haujazoea.

Hapa Machame umeme umefika hadi kwetu. Majirani wameng'oa kahawa wakapanda nyanya, maana bei ya kahawa sasa inatia aibu. Yako sijaigusa. Lakini sikuandikii habari za kahawa. Nimemkosea Aikande, Mama, mdogo wangu uliyeniachia.

Ni ile begonia yako, ua la kwenye kopo pale sebuleni. Tangu tukuzike nilikataza mtu yeyote asiiguse. Ikarefuka ikagusa dari, mashina yakalalia redio, chini vikabaki vijiti vitupu. Ilikuwa na maua mawili tu, kule juu kabisa, nami nikijiambia hayo umeniachia wewe. Mtoto wa mkulima wa kahawa! Miaka yote nilikuwa nyuma yako ukipogoa mibuni, ukisema, "Kata, usiionee huruma." Hii ya ndani nikaionea huruma.

Jumamosi moja Aikande alipanda kutoka kwake Rau kunisalimia. Nilirudi na majani ya ng'ombe nikamkuta na kisu cha jikoni. Ameikata yote, juu kidogo ya vifundo, imebaki urefu wa kiganja. Maua yako yapo kwenye ndoo ya maganda ya ndizi. Nikamwambia, "Hata hospitali hukulala na Mama usiku mmoja." Alikuwa na mtoto mchanga wakati ule, na nililijua hilo. Alichukua mkoba wake akashuka kwa miguu na mvua inanyesha. Huu ni mwezi wa nne hajakanyaga hapa.

Begonia imechipua, Mama. Kila kifundo alichokiacha kimetoa tawi, na jana vishada vimefunguka hadi vimeficha kopo. Nililia kuliko siku ya mazishi. Siku ile nilikuwa na wageni wa kuwapa chakula.

Leo asubuhi nimeshuka kihambani, kwenye migomba yetu, nikakata jani la isale, nimelifunga fundo kama wanavyofanya wazee wakienda kuomba msamaha. Nakwenda nalo Rau. Tunasema Mchagga hakatai isale, na hilo ndilo linalonitisha: asije akalipokea kwa sababu ya mila tu.

Kwa hiyo pumzika, Mama, nami nakuahidi hivi. Kabla hajanyoosha mkono, nitalirudia lile neno langu la hospitali mbele yake, lote, kisha nitamwambia nililisema nikijua si haki.

Mwanao,
Manka