Injini Ilipozima Hewani

Shoga, pokea simu! Basi soma.

Injini imezima hewani. Imezima, na anayeirusha ndege ni mimi!

Unajua mwalimu wangu wa urubani hunikatia nguvu ya injini makusudi, anipime nitafanyaje. Nikasema moyoni, leo hanipati. Nikashusha pua ya ndege kidogo, nikaiacha iteremke taratibu hadi uwanjani, nikatua.

Tuliposimama nikamcheka, "Leo umenitega kweli!"

Jasho linamchuruzika. "Sikugusa kitu."

Nikadhani utani. Akarudia, "Binti, mimi sikugusa kitu."

Shoga, hakugusa kitu!

Huko juu sikuogopa hata chembe. Sasa nimekaa kwenye nyasi, miguu imegoma kunyanyuka. Mwalimu naye bado yuko kwenye kiti chake, hajafungua hata mkanda.