Nimefundishwa Kuandika, Nashindwa Kumwandikia Baba

Chuoni, Mtwara

Dada yangu Nkwimba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, shemeji na watoto, na Mayu, mama yetu, awe amepata nafuu ya mgongo. Mimi mwili hauna neno. Joto la huku nimelizoea.

Barua yako nimeipata. Kumbe chama cha ushirika kimefunga mizani, hakinunui tena, lori la yule mnunuzi binafsi lilipita hapo kwetu Nkololo mara moja tu, na pamba imejaa ndani hadi watoto wanalala jikoni! Na Baba kila asubuhi anakwenda kukaa barabarani kulisubiri lori hilo.

Wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa Kiswahili, Mama Chitanda, alitutaka tueleze tulivyokua katika uandishi tangu tuingie chuoni. Akanirudishia insha yangu ya mwaka wa kwanza. Ilihusu pamba. Nilijaza "dhahabu nyeupe" na "uti wa mgongo wa taifa", wala hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeinama kuichuma. Nikaandika upya. Nikamweka Baba kama ulivyonieleza: amevaa koti la kanisani, anasimama kila akiona vumbi.

Mwalimu aliisoma mbele ya darasa.

"Sasa unaona watu," akaniambia. "Umekua."

Nilifurahi, dada, sikufichi. Kisha mwenzetu wa Newala, ambako kwao wanalima korosho, akauliza, "Hiyo pamba imenunuliwa?"

"Bado."

"Na mzee?"

"Bado anakwenda."

Mwalimu akanirudishia karatasi. Furaha yote ikaniishia palepale.

Niliipeleka kwa mwandishi wa gazeti mjini. Akaisoma amesimama. "Umeandika vizuri, kijana, lakini habari za wakulima kukosa wanunuzi zimetujaa."

Basi. Likizo bado iko mbali, na hata nikija, sina lori. Nataka kumwandikia Baba mwenyewe. Naandika "Baba, shikamoo," halafu sentensi zinazokuja ni nzuri tu, hazimfai kitu, nazikata. Nimwambie aendelee kusubiri? Nimwambie abaki nyumbani?

Nisalimie Mayu, shemeji, na mjomba anayetuchungia ng'ombe. Baba mwambie nimemuulizia. Zaidi ya hapo sijui umwambie nini.

Mdogo wako,
Masanja