Makamasi ya Mbuzi, Vifo vya Swala

Jumamosi, Julai 2017. Baridi kavu ya kupasua midomo, jua lipo lakini halimpashi mtu. Nimeamka vizuri, nalala na kinyaa.

Nianze na jana. Mjukuu wangu Rehema, anayesomea udaktari wa mifugo, alikuja kunitazama hapa Alexandra, huku kusini mwa Afrika, akanisogezea simu usoni. "Bibi, ona hawa." Nikaona swala wamelala kwenye theluji, wamekufa. Wanaitwa saiga, wako Mongolia. Pua zao, subhanallah! Kubwa, zimelegea, zinaning'inia juu ya mdomo kama soksi zilizovuliwa. Nikacheka. Rehema akasema pua ile ndiyo inayopasha hewa ya baridi na kuchuja vumbi kabla halijafika kifuani. Nikaacha kucheka. Mungu haumbi ovyo.

Wamebaki wachache. Miaka yote watu wamewawinda kwa ajili ya pembe, eti ni dawa. Wakawekewa walinzi. Halafu kifo hakikuja na bunduki, kikaja na mbuzi. Mbuzi na kondoo wa wafugaji waliugua, na swala wanakula majani yale yale, wanakunywa maji yale yale.

Nikamuuliza ugonjwa gani. Akataja jina refu la Kizungu. Nikamwambia Kizungu akipeleke chuoni, mimi anitajie dalili. Makamasi mazito, tongotongo machoni, vidonda mdomoni, kuhara mpaka mnyama anabaki ngozi.

Sotoka ya mbuzi.

Shule sijakanyaga, kuandika nimefundishwa madrasa, lakini ugonjwa huo sihitaji kufundishwa. Ulipita kwetu Kilindi, kabla sijahamia huku.

Sasa leo. Mwanangu Shabani anauza mbuzi wa akika na wa shughuli, anawafunga uani, nyuma ya chumba changu. Asubuhi nimewapelekea maji nikakuta wawili wanakohoa, makamasi yameganda puani. Sikusema ni sotoka. Rehema anasema huku haijaonekana. Nilisema ni wagonjwa, na mgonjwa hapelekwi kwa watu.

Shabani hata hakunitazama. "Mama nawe! Kuna mzee wa upande wa Midrand anakuja saa sita, anawachukua wote. Ana zizi kubwa. Wakifia kwake, wamefia kwake."

Wamefia kwake! Nilitaka kumtemea mate miguuni, mtoto niliyemnyonyesha miaka miwili kamili. Nikamwita fisi. Nikamwita mchawi wa mchana kweupe. Akasubiri nimalize, akasema taratibu, "Si wewe uliyenifundisha? Mbuzi akikohoa, mnadani kabla jua halijatua."

Nilikaa chini, juu ya ndoo.

Kweli nilimfundisha. Mwaka ule wa sotoka, mbuzi wangu watatu walipoanza kutoa makamasi, niliwafuta pua, nikawapaka mafuta wang'are, nikamchukua Shabani anisaidie kuwaswaga. Aliyewanunua ni Mwanahamisi, mjane wa kijiji cha pili. Hakuwakagua hata meno. Aliniamini, maana tulichezwa unyago pamoja.

Mwezi haukuisha, zizi lake likawa tupu. Akaja kulia kwangu. Nikampikia chai, nikamwambia ni kazi ya Mungu.

Kazi ya Mungu! Mdomo wangu huu huu.

Jana nimewatukana wafugaji wa Mongolia mpaka Rehema akanikataza. "Bibi, wale hawakukusudia." Ni kweli, hawakukusudia. Mimi nilikusudia.

Saa sita mzee wa Midrand akafika na bakkie yake, kigari cha mizigo, nyuma kumetandikwa nyasi tayari. Shabani akamkimbilia kwa tabasamu. Mimi Kiingereza sina, Kizulu changu ni cha sokoni. Nikamshika mzee mkono wa shati, nikampeleka mpaka kwa mbuzi, nikamfuta yule mbuzi pua kwa kiganja changu na kumwonyesha. Yalikuwa ya kijani, yanavutika.

"Eish, gogo," akasema. Gogo ndiyo bibi huku. Akatazama kiganja changu, akamtazama Shabani, akarudi kwenye gari lake. Nyasi zake zikaondoka bila mbuzi.

Shabani hasemi na mimi. Chakula changu amekikataa. Nimemwekea maharage kwenye sufuria na kuifunika vizuri, maana hasira si sababu ya mwanangu kulala njaa. Rehema ametafuta daktari wa mifugo, atakuja Jumatatu. Mpaka hapo hakuna mbuzi atakayetoka uani labda wanipite juu ya mgongo.

Mikono nimeinawa mara nne. Kinyaa hakijatoka, kwa sababu hakiko mikononi.

Mwanahamisi yu hai. Kila Idi ananipigia, ananiita dada, ananiuliza magoti yangu yanaendeleaje. Miaka yote hii napokea salamu zake na kuitikia.

Kesho nampigia mimi. Sitamzungushia maneno, wala sitalitia jina la Mungu ndani yake.

Akinikatia simu, nitajua amenisikia.